Wiki ya tatu ya kusomesha watoto nyumbani, na nyumba nzima inalia

SWALI: Nimewatoa watoto wangu wawili shuleni ili niwasomeshe mwenyewe nyumbani. Wa kiume ana miaka 9, wa kike ana miaka 7, na yupo mdogo wao wa miaka 3. Nilijiandaa kwa miezi mitatu, nikanunua vitabu, nikapanga ratiba ya kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Hii ni wiki ya tatu. Mkubwa analia kila tukifungua kitabu cha hesabu, na akishalia ananiambia, "Mwalimu wangu hakufundisha hivyo." Wa pili anamaliza kazi upesi kisha anazurura. Mdogo anachorachora kwenye vitabu vya wenzake. Jana nilipiga kelele mpaka nikajiogopa, nikaenda kujifungia chooni. Baba yao hanilaumu, ila kila jioni anauliza, "Leo wamejifunza nini?" nami sina la kumjibu. Je, nimewaharibia watoto? Niwarudishe kabla hawajaachwa nyuma zaidi?

JIBU: Dada yangu, pole sana. Naanza na swali lako la mwisho, maana nahisi ndilo linalokukosesha usingizi. Usiwarudishe wiki hii. Na wala usiape kwamba hutawarudisha daima. Mtu aliyejifungia chooni huwaza namna ya kutoka chooni tu. Masomo ya mtoto hayaamuliwi pale. Tarehe ya kuamua nitakupa huko mbele.

Mimi nilifundisha darasani miaka 11 kabla sijaanza kusomesha wanangu, na sikuwa na shaka kwamba ualimu ule utanivusha. Wiki ya pili binti yangu aliweka kalamu chini akaniambia, "Mama, ukiwa mwalimu unakuwa na sura nyingine." Nilinuna siku nzima. Ilinichukua muda kuelewa kilichokuwa kimenipata, na nadhani ndicho kilichokupata na wewe.

Darasani nilikuwa na watoto 30 na ushee, na kipindi ni dakika 40. Hata ningeuacha ubao kabisa nikapita dawati kwa dawati, watoto 30 wangepata sekunde 80 kila mmoja. Kwa sekunde 80 huwezi kujua mtoto amekwama wapi. Basi unauliza, "Mmeelewa?" wanaitikia kwa pamoja, "Ndiyooo!" nawe unafuta ubao. Asiyeelewa amejificha ndani ya sauti za wenzake, siku inakwisha bila mtu kulia, na wote mnarudi nyumbani mkidhani mambo ni shwari. Meza ya nyumbani haina kichaka cha kujificha. Kila kutoelewa kunaonekana saa ile ile, mbele ya macho yako. Sehemu kubwa ya hayo unayoyaona kwa mwanao hukuyatengeneza wewe kwa wiki tatu. Yalikuwepo, ila hakuna aliyekuwa amekaa karibu vya kutosha kuyaona.

Nimetanguliza hilo kwa sababu mzazi anayeamini amemharibu mwanawe hufundisha kwa hofu, na hofu ina haraka. Mtoto naye huisoma hofu yako kabla hajasoma swali lililo mbele yake.

Sasa ratiba. Saa sita kwa siku umezikopa shuleni bila kuuliza shule huzitumia vipi. Ondoa kuitwa majina, ondoa mapumziko, ondoa kupanga mstari, kunakili ubaoni, kusubiri wenzako wamalize, kusubiri daftari lisahihishwe, kuhama somo hadi somo. Kinachobaki cha mtoto mmoja kufikiri jambo moja ni kidogo kuliko unavyodhani. Kwa uzoefu wangu, mtoto wa miaka 9 anayefundishwa na mtu aliyekaa naye bega kwa bega hahitaji zaidi ya saa moja na nusu hadi mbili kwa siku kwa kusoma, kuandika na hesabu. Wa miaka 7, saa moja. Tena kwa vipande: dakika 15 kwa wa pili, 20 kwa mkubwa, kisha wanyanyuke. Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki mwaka 1923, alishikilia masomo mafupi kwa watoto wadogo, na sababu yake ni ile ile utakayoiona mwenyewe ukijaribu: mtoto akijua kitu kinaisha karibuni, hukitazama. Akijua hakina mwisho, hutazama dirishani.

Saa zinazobaki usizijaze. Najua mkono unawasha. Siku nilipokata ratiba yangu kutoka masomo ya saa tano kwa siku hadi ya saa mbili niliona kama naiba, nikazijaza tena kwa kazi za mikono, na siku ya nne tulikuwa tunagombana juu ya gundi. Waache wacheze, wasome wanachotaka, wakae bure. Wazoefu wa kusomesha nyumbani wana msemo kwamba mtoto aliyetoka shuleni apewe mwezi mmoja wa kupumua kwa kila mwaka aliosoma huko. Si kipimo cha kitaalamu, na mimi siufuati kama sheria. Nauchukulia kama ruhusa. Kwako wewe ningesema wiki mbili: kitabu cha hesabu kifungwe, kazi za kuandika zipunguzwe hadi sentensi chache, na kila siku uwasomee kwa sauti hadithi nzuri, hata mkubwa ambaye anajua kusoma mwenyewe. Kuwasomea ndilo somo ambalo sijawahi kuona likizaa ugomvi.

Wiki mbili zikiisha mtarudi kwenye hesabu, na hapo nataka tukae kidogo, maana nyumba nyingi hubomokea hapo.

Anaposema "Mwalimu wangu hakufundisha hivyo," wewe unasikia, "Wewe si mwalimu." Huenda anasema jambo dogo zaidi, tena la kweli. Chukua 52 − 27. Wapo waliofundishwa kukopa: kumi moja inatoka kwenye 50, inabaki 40, mamoja yanakuwa 12; 12 toa 7 ni 5, 40 toa 20 ni 20, jibu 25. Wapo waliofundishwa kuongeza kumi juu na kumi chini: 2 ya juu inakuwa 12, lakini 20 ya chini inakuwa 30, 12 toa 7 ni 5, 50 toa 30 ni 20, jibu 25. Na wapo wanaopanda kama ngazi: kutoka 27 hadi 30 ni 3, hadi 50 ni 20, hadi 52 ni 2, jumla 25. Njia zote tatu ni halali. Lakini ukimwekea mtoto nusu ya njia yako juu ya nusu ya njia ya mwalimu wake, hapati chochote, na kilio chake ni cha haki kabisa. Safari ijayo akilitamka neno hilo, mwambie, "Hebu nionyeshe alivyofundisha." Kisha nyamaza. Akiijua njia ile, ifuate, hata kama kwako ni ya kuzunguka. Akiwa ameisahau nusu, sasa mmejua nyote wawili kwamba tatizo si wewe.

Na akikosea, usikimbilie kusahihisha. Mwaka 1978 watafiti wawili Wamarekani, John Seely Brown na Richard Burton, walieleza jambo ambalo kila mwalimu angepaswa kulibandika ukutani: makosa mengi ya watoto katika kutoa si ya uzembe. Mtoto anafuata kanuni, tena kwa uaminifu, ila kanuni yenyewe ina kasoro. Lililo maarufu zaidi ni hili: mtoto anaandika 52 − 27 = 35. Amepataje? Ameona 2 na 7, akajisemea kwamba ndogo hutolewa kwenye kubwa, akatoa 2 kwenye 7 akapata 5. Kisha 5 toa 2 ni 3. Ukimwambia "rudia, kuwa makini," atarudia kwa makini yote na atapata 35 tena, kwa sababu umakini haukuwa tatizo. Hapo ndipo wewe unapandisha sauti na yeye anaanza kulia. Muulize, "Ulianza wapi?" na umsikilize hadi mwisho bila kumkatiza. Ukishaiona kanuni yake mbovu, chukua vijiti 52, makumi matano yaliyofungwa na viwili vya pembeni, mwambie aondoe 27. Atafungua fungu moja mwenyewe. Kukopa ndiko huko. Jina mtalitia baadaye.

Lakini kwa nini tunakasirika hivyo na watoto wetu, sisi ambao tungemvumilia mtoto wa jirani kwa kosa lile lile? Sehemu ni mapenzi, na sehemu ni kitu kingine. Mwaka 1990 mtafiti aitwaye Elizabeth Newton, katika Chuo Kikuu cha Stanford, aliwapa watu kazi ya kugonga kwa kidole mezani mapigo ya nyimbo ambazo kila mtu anazijua, na wengine wakae wasikilize na kutaja wimbo. Wagongaji walitabiri kwamba karibu nusu ya nyimbo zitatambuliwa. Kati ya nyimbo 120 zilizogongwa, zilitambuliwa 3. Mgongaji alikuwa anausikia wimbo wote kichwani, maneno na sauti zake. Msikilizaji alisikia ko-ko-ko. Unapomweleza mwanao hesabu za sehemu, kama nusu na robo, kwa mara ya nne na unahisi damu inapanda, wewe unasikia wimbo mzima. Yeye anasikia ko-ko-ko. Jaribuni mchezo huu nyumbani, mgonge kwa zamu. Utacheka, kisha utaona aibu kidogo, kisha siku hiyo utafundisha vizuri zaidi.

Kuna jambo la pili linalotia hasira: Jumatatu alijua, Alhamisi hajui. Unaona kama anakufanyia makusudi. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alichapisha matokeo yake mwaka 1885: kilichojifunzwa hupotea kwa kasi kubwa zaidi katika saa za mwanzo, kisha kasi hupungua, na kujifunza tena kitu kile kile huchukua muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Kusahau Alhamisi ni kawaida ya akili, yako na yake. Dawa yake ni rahisi. Dakika tano za kwanza za kila somo, vitabu vikiwa vimefungwa, muulize mambo mawili ya jana na moja la wiki iliyopita. Akishindwa, mwambie jibu bila hotuba na muendelee. Usimwambie "tulifanya hili juzi." Anajua mlifanya juzi. Ndicho kinachomuumiza.

Binti yako wa miaka 7 simwonei shida. Anamaliza upesi, basi amemaliza, mwache aende. Shuleni mtoto mwepesi hulipwa kwa kusubiri wengine au kwa kuongezewa kazi, akajifunza kujivuta. Hakikisha tu kwamba kazi yenyewe haijawa nyepesi mno: akipata yote wiki nzima, panda ngazi moja.

Wa miaka mitatu anataka kitu kimoja, wewe. Mpe kwanza. Robo saa ya mwanzo wa asubuhi iwe yake kabla ya wakubwa, sakafuni, bila simu. Awe na daftari lake na kalamu zake zinazotoka wakati wa masomo tu na kufichwa baadaye, ili zisichuje. Somo zito la mkubwa lisubiri mdogo alale. Kuna siku hata hayo hayatasaidia na atachora kwenye kitabu cha mtu, kitabu kitasomeka.

Kuhusu kelele za jana. Mtafute mkubwa leo, mahali pasipo na meza, umwambie kwa maneno machache: "Jana nilikupigia kelele. Halikuwa kosa lako. Hesabu tumeifunga mpaka wiki mbili ziishe." Usiongeze "lakini na wewe." Kisha mkubaliane ishara, kama kugeuza kitabu kifudifudi, ambayo yeyote kati yenu akiifanya, somo linasimama pale pale bila maelezo. Utaogopa kwamba ataitumia kukwepa kazi. Ataitumia, siku mbili tatu za kwanza. Akiona unaiheshimu, ataizoea, na nakuhakikishia kwamba wewe utaihitaji kuliko yeye. Ila ukijikuta unapiga kelele kila siku, au mkono unataka kunyanyuka, masomo yasimame yote mpaka upate msaada wa mtu mzima mwenzako. Na kama machozi na kukosa usingizi vinakuandama hata siku zisizo na masomo, mwone daktari. Ratiba haiponyi ugonjwa.

Mume wako. Umesema hakulaumu, nami nalichukua hivyo hivyo. Huenda swali lake la jioni ni namna pekee anayoijua ya kushiriki. Wewe huna jibu kwa sababu kichwani unapima siku kwa ratiba, na ratiba imekushinda kila siku. Chukua daftari, kila jioni andika mistari mitatu ya yaliyofanyika kweli, hata yasiyopangwa: "Amesoma kurasa sita kwa sauti. Ameuliza mwezi unatoa wapi mwanga, tukajaribu kwa tochi na mpira. Hesabu hatukugusa." Mwachie daftari asome. Kisha mpe somo liwe lake kabisa. Mimi, wiki mbili zile zikiisha, ningempa hesabu za mkubwa kwa mwezi mmoja, jioni, dakika 20. Mtoto aliyechoka kulia mbele ya mama mara nyingi hutulia mbele ya mtu mwingine, hata kama mtu huyo anafundisha vibaya zaidi. Iliniuma nilipoliona nyumbani kwangu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kuachwa nyuma: wiki tatu hazimwachi nyuma mtoto wa miaka 9. Kinachokutesa ni kwamba huna pa kupimia, kwa hiyo unapima kwa hofu. Kesho mwombe kila mmoja aandike aya moja juu ya kitu akipendacho, bila kusahihishwa, na umrekodi akisoma ukurasa mmoja kwa sauti. Weka tarehe, funga ndani ya bahasha. Mkishaanza tena hesabu, ongeza humo karatasi ya maswali kumi. Wiki ya 12 kutoka leo watafanya yale yale, na mtaweka karatasi mbili mezani.

Siku hiyo ndiyo tarehe niliyokuahidi. Kaa na baba yao, asubuhi, si usiku, mjiulize mambo matatu. Vilio vimepungua? Kuna kitu kila mtoto anakiweza leo ambacho hakikuwemo ndani ya bahasha? Na baada ya masomo, bado mnapenda kukaa pamoja? Hilo la tatu mimi nalipa uzito kuliko yote. Jibu likiwa hapana, na mlijaribu kwa moyo, warudisheni shuleni bila kujiona mmeshindwa. Kuna familia ninazoziheshimu zilizofanya hivyo na watoto wakastawi.

Mawili ya haraka kabla sijamaliza. Mpeleke mkubwa akapimwe macho na masikio. Mtoto asiyeona vizuri huonekana mkaidi kwenye meza yoyote. Na kama kusoma nako kunampa taabu kubwa kwa umri wake, anakisia maneno, anaruka herufi, anachoka baada ya mistari michache, tafuta mtaalamu amwangalie kwa ajili ya disleksia, yaani ugumu wa kusoma usiotokana na uvivu, kwa sababu hapo uvumilivu peke yake hautoshi. La pili ni sheria. Ujerumani kwa kawaida hairuhusu kusomesha nyumbani badala ya shule, Marekani inaruhusu katika majimbo yote 50 kwa masharti yanayotofautiana. Hakikisha mmejisajili panapotakiwa kwenu, maana hofu ya kugongewa mlango nayo huingia ndani ya somo.

Wiki mbili zikiisha, usianze na kitabu. Mwandikie 52 − 27 kwenye karatasi tupu, mpe vijiti, umwambie, "Nifundishe unavyofanya." Usishike kalamu. Kisha niandikie aliyoyasema, neno kwa neno kama unaweza, hasa kama jibu ni 35.